Nani Ana Haki ya Kuitwa Nasi?

Huku Dranya, wilayani Koboko, neno "nasi" halina masharti. Anayechoma sindano ni nasi. Anayefunga kidonda ni nasi. Shangazi yangu alifagia wodi na kuosha vidonda kwa miaka mingi bila kukanyaga chuo cha uuguzi, na hadi leo wazee humwamkia, "Nasi, habari za asubuhi?" Naye huitika. Insha hii inauliza kama ana haki ya kuitika.

Swali hili si geni. Florence Nightingale alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Hata hivyo alipinga kuwekwa kwa daftari la wauguzi wa taifa zima, kwa hoja kwamba mtihani haupimi tabia ya mtu. Ethel Gordon Fenwick alishikilia kinyume chake: bila daftari, mgonjwa atamtambuaje aliyefundishwa na anayejifanya? Mabishano yalichukua miaka thelathini hivi, hadi Uingereza ilipopitisha sheria mwaka 1919. New Zealand ilikuwa imetangulia, mwaka 1901.

Uganda nayo ilipita njia hiyo. Katharine Timpson, muuguzi Mwingereza, alifika mwaka 1897 na kufanya kazi Mengo pamoja na Dkt. Albert Cook, ambaye baadaye alimwoa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mengo ikawa na shule ya wakunga Waafrika. Kwetu West Nile, madaktari wawili ndugu, Ted na Peter Williams, walijenga hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua. Katika hospitali za misheni za wakati huo, wasaidizi wengi walijifunza kazi kwa kutazama na kutenda.

Kisha vikaja vita. Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire. Ukiwa mkimbizi mwenye mtoto anayeharisha, humwulizi anayekusaidia cheti chake kiko wapi. Kwa hiyo jina lililotolewa na shida lina heshima yake, na sipendi kulidharau.

Lakini amani ina masharti yake. Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996 iliweka Baraza la kusimamia mafunzo na kuandikisha waliohitimu. Wapo wanaosema daftari ni karatasi tu, na kwamba wenye karatasi wengine huwafokea wagonjwa. Ni kweli, na hapo Nightingale hakukosea. Hata hivyo, aliyeandikwa akikosea, kuna mahali pa kumshtaki na jina lake laweza kufutwa. Shangazi yangu akikosea, atafutwa wapi?

Tena, jina humfanya mgonjwa aamue. Usiku mmoja jirani alimleta mtoto mwenye degedege nyumbani kwetu badala ya kumpeleka kituo cha afya, kwa kuwa "nasi yuko karibu." Shangazi hakugusa sindano. Alisema, "Mimi ni msaidizi tu, hili linanishinda. Mpelekeni sasa hivi." Akatafuta pikipiki mwenyewe, akapanda nao. Mtoto alipona. Kama angejibu kwa fahari ya jina lile, wangekaa barazani kungoja asubuhi.

Kwa hiyo nahitimisha hivi: mtu ana haki ya kujiita nasi akiwa amefundishwa, amepimwa, na jina lake limo katika daftari ambalo linaweza pia kumfuta. Tabia njema haichukui nafasi ya daftari, wala daftari halichukui nafasi ya tabia njema. Wazee waendelee kumwita shangazi wapendavyo, maana hiyo ni shukrani yao. Ila mgonjwa anapofika mlangoni, shangazi anapaswa kumwambia ukweli kwanza, kama alivyofanya usiku ule.