Mita Moja ya Mwisho: Historia ya Waya kati ya Strima na Kigeuzi cha Sauti

Nilipompelekea mwalimu wangu mada ya insha hii, aliniuliza kama kweli waya wenye urefu wa mita moja una historia. Nilimjibu kwamba unayo, tena ni historia ya ugomvi. Nataka kueleza jinsi vifaa viwili, yaani strima inayochukua muziki kutoka kwenye mtandao na kigeuzi kinachozifanya namba za muziki huo kuwa sauti, vilivyokuja kuwa masanduku mawili tofauti, na kwa nini kuviunganisha kumewasumbua wahandisi kwa miaka mingi. Hoja yangu ni kwamba namba zenyewe zilipita kwenye waya bila shida kubwa tangu mwanzo. Kilichogombaniwa ni saa: kati ya masanduku mawili, lipi lipige mdundo na lipi lifuate.

Nilianza kuijali habari hii nyumbani kwa mjomba wangu, Nyamirambo, hapa Kigali. Mjomba alifanya kazi Brussels miaka mingi. Aliporudi alikuja na amplifaya, spika mbili nzito, mashine ya CD, na sanduku jeusi lisilo na kitu usoni isipokuwa taa mbili ndogo. Alikuja pia na CD zaidi ya 200, nyingi za rumba ya Kongo. Baadaye mashine ya CD ilikufa. Jicho lake la leza lilichoka, na fundi wa mtaani alikosa la kubadilishia. Sanduku jeusi, ambalo ndilo kigeuzi, lilibaki zima chini ya kitambaa kwa miaka sita. Nilipomwuliza kwa nini haliuzi, alisema, "Nani atanunua tumbo lisilo na mdomo?"

Ili jibu lake lieleweke lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1938 mhandisi Mwingereza aliyeitwa Alec Reeves, akiwa kazini Paris, alisajili hataza ya wazo kwamba sauti ya simu isitumwe kama wimbi, bali ipimwe mara nyingi kila sekunde na kila kipimo kitumwe kama namba. Vifaa vya wakati ule vilikuwa valvu za kioo, kubwa na ghali, kwa hiyo wazo lilikaa likisubiri transista. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alieleza sharti lake kwa hesabu: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi, unaweza kulirudisha wimbi lote. Sikio la binadamu huishia karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Basi vipimo zaidi kidogo ya 40,000 vingetosha.

CD, hata hivyo, hupimwa mara 44,100. Mimi nilidhani namba hiyo ilitokana na siri fulani ya masikio. Kumbe ilitokana na televisheni. Katika miaka ya 1970 kifaa chepesi kupatikana cha kuhifadhi namba nyingi hivyo kilikuwa mkanda wa video, nao wahandisi wakaziandika namba za sauti kana kwamba ni picha, vipimo vitatu katika kila mstari. Katika mfumo wa televisheni wa Japani, mistari 245 mara 60 mara 3 ni 44,100. Katika mfumo wa Ulaya, mistari 294 mara 50 mara 3 ni 44,100 vilevile. Namba ikawafaa wote. Leo strima inayocheza wimbo uliorekodiwa mwaka jana bado mara nyingi inahesabu kwa mistari ya televisheni ambazo wengi wa rika langu hatujawahi kuziona.

Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza Japani mashine ya CDP-101 kwa yeni 168,000. Ndani ya sanduku moja kulikuwa na leza, saa na kigeuzi. Philips, mshirika wake katika kuunda CD, ilitoa mashine yake ya CD100. Mashine hizo mbili zilionyesha kwamba kazi ya kigeuzi haikuwa imekamilika. Ile ya Sony ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia kushoto na kulia kwa zamu. Ile ya Philips ilitumia chipu za biti 14, ingawa CD ina biti 16, na ikafidia upungufu huo kwa kuziongeza sampuli mara nne kabla ya kuzigeuza. Kila baada ya muda mfupi ilitoka chipu bora zaidi. Mwenye mashine ya zamani akaanza kujiuliza: leza yangu inasoma vizuri, kwa nini ninunue kila kitu upya?

Hapo ndipo masanduku yalipoachana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kiingereza ya Arcam iliuza kigeuzi cha pekee kilichoitwa Black Box, na wengine wengi wakafuata. Mashine ya CD ikawa msomaji tu, namba zikapelekwa kwa waya. Njia iliyotumika ilibeba majina ya kampuni zile mbili, S/PDIF, maana yake kiunganishi cha dijiti cha Sony na Philips. Ilipita kwenye waya wa shaba wenye pini kama ile ya video, au kwenye uzi wa plastiki unaopitisha mwanga, ambao Toshiba ilikuwa imeuleta mwaka 1983.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini. S/PDIF ni barabara ya upande mmoja. Namba na mdundo wake husafiri pamoja katika mawimbi yale yale, na kigeuzi hakina namna ya kumjibu mtumaji. Lazima kisikilize mdundo unaoingia na kuurekebisha wa kwake ufanane nao. Sasa fikiria mpiga ngoma anayepiga mapigo yote bila kukosa hata moja, ila moja linawahi kidogo sana na jingine linachelewa kidogo sana. Ukiyahesabu, yametimia. Ukiyachezea, mguu unajikwaa. Kigeuzi kinachopokea namba sahihi kwa wakati usio sahihi hutoa wimbi lililopinda. Mwaka 1992 Chris Dunn na Malcolm Hawksford waliwasilisha makala katika mkutano wa chama cha wahandisi wa sauti, na kichwa chake kiliuliza waziwazi kama kiunganishi hiki kina kasoro. Waliokuwa wamezoea kusema "dijiti ni dijiti" walipata jambo la kufikiria.

Dawa moja ilitoka kwenye kompyuta. Watu walipoanza kuhifadhi CD zao kama mafaili, walitumia tundu la USB, na mwanzoni kigeuzi kilibaki mtumwa wa saa ya kompyuta, hali iliyokuwa mbaya kuliko ile ya CD. Lakini kanuni za USB ziliruhusu namna nyingine, ambayo kigeuzi kinashika saa na kuiambia kompyuta iharakishe au ipunguze. Gordon Rankin wa kampuni ndogo ya Marekani, Wavelength Audio, ndiye aliyejulikana zaidi kwa kuifanya namna hiyo ifanye kazi katika vigeuzi vya nyumbani, katika miaka ya 2000. Amri ikageuka: anayepokea akawa ndiye anayeongoza.

Strima zilikuwa zimeshazaliwa. Slim Devices ya Marekani ilitoa SliMP3 mwaka 2001, kisha Squeezebox. Mwaka 2004 Apple ilitoa AirPort Express, yenye tundu moja dogo lililopokea waya wa kawaida au uzi wa mwanga, na watu wengi wakaichomeka kwenye vigeuzi vya bei kubwa kuliko yenyewe mara kumi. Mwaka 2007 Linn ya Uskoti ilitoa Klimax DS kwa matajiri, na miaka miwili baadaye ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine za CD. Wasio matajiri walisubiri hadi 2015, Google ilipouza Chromecast Audio kwa dola 35, nayo ikiwa na tundu la uzi wa mwanga. Ilisimamishwa mwaka 2019, na bado inatafutwa katika maduka ya mitumba.

Kwetu mambo yalichelewa kwa sababu nyingine. Rwanda haina pwani, na kebo ya Seacom ilifika Afrika Mashariki mwaka 2009 tu. Spotify, iliyoanza Ulaya mwaka 2008, ilifunguliwa kwetu mwaka 2021. Jambo linalonifurahisha ni kwamba safari hiyo yote chini ya bahari na juu ya milima haidhuru mdundo hata kidogo. Namba hufika kwa mafungu, yakipotea huombwa tena, kisha hukusanywa kwenye kumbukumbu ya strima na kusubiri. Saa huanza kuwa na maana zinapotoka humo kuelekea kwenye kigeuzi. Ndiyo sababu siwaamini wanaouza waya wa intaneti kwa mamia ya dola eti unaboresha sauti. Wanaoulizia mita moja ya mwisho wana hoja. Wale wa waya wa intaneti wana duka.

Nilinunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kipande cha kutolea S/PDIF, nikaondoa kitambaa. Nikaunganisha. Taa ya kwanza iliwaka, ya pili ikapepesa bila kutulia, na spika zikabaki kimya. Mjomba alirudi kwenye gazeti lake. Usiku mzima nilidhani nimeua kifaa cha maisha yake. Asubuhi nilisoma tena kuhusu vigeuzi vya wakati ule na kuona kosa langu: nilikuwa nimeiweka strima itoe vipimo 96,000 kwa sekunde, nikidhani kubwa ndiyo bora, na sanduku lile halijui chochote zaidi ya 48,000. Nilirudisha 44,100, ile namba ya mistari ya televisheni. Taa ya pili ikatulia. Mjomba alishusha gazeti, hakusema kitu, akaja kukaa kati ya spika.

Furaha yake haikuwa kamili. Alinitajia nyimbo, mimi nikitafuta kwenye simu, na nyingi hazikuwemo au zilikuwepo kwa toleo lililokatwa. Zipo kwenye CD zake tu. Tangu siku hiyo tunazinakili kwa kompyuta ya kuazima, kila Jumamosi, yeye akichagua ipi itangulie na kunisimulia aliinunua duka gani. Tumemaliza kama 140. Katika zilizobaki, tatu zimeanza kuonyesha rangi ya shaba pembeni, dalili kwamba kioo cha ndani kinaliwa, na moja kati ya hizo ndiyo anayoiuliza kila mara. Hizo tatu tutaanza nazo Jumamosi ijayo, kama mwenye kompyuta hatakuwa na kazi nayo.