Turubai la lori

Turubai la lori ni kipande kikubwa cha kitambaa kizito kisichopitisha maji, kinachotandazwa juu ya mzigo uliopakiwa kwenye lori au tela la wazi ili kuukinga na mvua, jua, vumbi na upepo. Hutumika hasa kwenye tela bapa, yaani tela lenye sakafu tu bila kuta wala paa, na kwenye malori yenye bodi fupi za pembeni. Tela la namna hiyo hupakiwa kwa urahisi kutoka juu au ubavuni, lakini mzigo wake hauna kinga nyingine isipokuwa turubai.

Turubai hufunika mzigo, haliufungi. Kazi ya kuzuia mzigo usisogee wala kuanguka ni ya minyororo, mikanda na kamba, ambazo hukazwa kabla turubai halijatandazwa.

## Historia

Zamani mabaharia wa Ulaya walipaka lami itokanayo na miti kwenye vitambaa vya matanga ili visipitishe maji, kisha wakavitumia kufunika shehena na milango ya sitaha. Matumizi hayo yalihamia nchi kavu kwenye magari ya kukokotwa na wanyama, baadaye kwenye mabehewa ya reli na hatimaye kwenye malori. Katika karne ya 18 magari ya farasi ya Conestoga huko Pennsylvania, Marekani, yalifunikwa kwa kitambaa kilichovutwa juu ya matao ya mbao. Hadi leo nchini Marekani tela bapa lenye turubai linaloteleza juu ya matao huitwa kwa jina hilo.

Karne ya 20 ilileta malighafi mpya. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon wa Marekani aligundua njia ya kulainisha plastiki ya PVC. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na nyuzi za poliesta zilitengenezwa huko huko mwaka 1941. Vitu hivyo vitatu ndivyo msingi wa maturubai mengi ya leo.

## Aina

| Aina | Uzito wa kawaida kwa mita ya mraba | Faida | Upungufu |
|---|---|---|---|
| Poliesta iliyopakwa PVC | gramu 600 hadi 900 | imara, haipitishi maji, huzibwa kwa kiraka cha joto au gundi | nzito, huteleza ikilowa |
| Polithini iliyofumwa | gramu 100 hadi 300 | nyepesi na ya bei nafuu | huharibiwa na jua, huchanika kwenye kona |
| Kanvasi ya pamba | gramu 400 hadi 700 | hupumua, hushonwa kwa uzi wa kawaida | hunywa maji na kuoza ikikunjwa ikiwa mbichi |

Kwa safari ndefu za lori, turubai la PVC ndilo linalotumika zaidi. La polithini hufaa kwa safari fupi, au kama tabaka la ndani chini ya turubai zito. Kanvasi hufaa kwa mzigo unaotoa unyevu, kwa kuwa mvuke hupenya badala ya kugeuka matone na kuudondokea mzigo.

Pembezoni mwa turubai huwa na pindo lililoshonwa au kuunganishwa kwa joto, lenye matundu yaliyozungushiwa pete za chuma au shaba nyeupe. Kamba au mipira ya kuvutia hupitishwa humo. Maturubai mengine huwa pia na safu za pete zilizoshonwa ubavuni kwa urefu tofauti, ili turubai moja liweze kufunika mzigo mrefu na mfupi.

## Kupima ukubwa

Ukubwa wa turubai hutokana na vipimo vya mzigo, si vya tela peke yake. Upana unaohitajika ni upana wa mzigo kujumlisha kimo chake mara mbili. Urefu ni urefu wa mzigo kujumlisha kimo chake mara mbili.

Kwa mfano, mzigo wenye urefu wa mita 12.5, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 1.5 unahitaji turubai la angalau mita 15.5 kwa mita 5.5, yaani mita za mraba 85 hivi. Likiwa la PVC lenye gramu 650 kwa mita ya mraba, turubai hilo lina uzito wa kilo 55 hivi. Mtu mmoja hawezi kulipandisha juu ya mzigo kwa usalama. Ndiyo sababu wengi hutumia vipande viwili, au hulipandisha kwa foklifti.

## Namna ya kufunika

1. Mzigo hufungwa kwanza kwa minyororo au mikanda na kukaguliwa.
2. Kona kali za mbao, mabati au vyuma huwekewa kinga, kama vipande vya mpira wa tairi kuukuu, gunia au zulia. Turubai nyingi huanza kuchanika kwenye kona.
3. Katikati ya mzigo huinuliwa kidogo kwa mbao au magunia ili maji yateremke pembeni.
4. Kama kuna vipande viwili, kile cha nyuma hutandazwa kwanza na cha mbele hukilalia, kama mabati ya paa yanavyolaliana. Kinyume chake upepo huingia kwenye maungio na kuyafumua.
5. Sehemu ya mbele hukunjwa kama bahasha na kukazwa kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa ndiyo inayopigwa na upepo.
6. Kamba hupitishwa kwenye kila tundu na kufungwa kwenye ndoano za tela, pasipo kuacha sehemu inayopepea.
7. Taa, viakisi mwanga na namba za gari hukaguliwa ili zisifunikwe.

Baada ya mwendo mfupi dereva husimama na kukaza tena, kwa sababu mzigo hushuka na kamba hulegea.

## Upepo na maji

Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo husukuma kila mita ya mraba inayoukabili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 30 hivi. Sehemu iliyolegea hupigapiga mfululizo, na pete huweza kung'oka katika safari moja tu. Turubai lililong'oka linaweza kufunika kioo cha gari linalofuata.

Maji nayo yana uzito. Kina cha milimita 10 kwenye eneo la mita za mraba 30, ambalo ni kama sakafu ya tela moja, ni lita 300, sawa na kilo 300. Maji yakituama juu ya turubai huvuta kamba, huchana mishono na huweza kumwagika kwa ghafla gari linapopiga kona.

## Mizigo inayohitaji uangalifu

Katika Afrika Mashariki maturubai huonekana zaidi kwenye barabara kuu zitokazo bandarini: kutoka Mombasa kwenda Uganda na Rwanda, na kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Madhara ya kulowa hutofautiana kwa kila bidhaa.

* Saruji huganda ikikutana na maji na haiwezi kurudishwa hali yake.
* Mbolea kama urea hunyonya unyevu hata wa hewa, ikashikamana mabonge.
* Chokaa hai hutoa joto kali ikilowa na huweza kuunguza magunia pamoja na turubai.
* Mchanga na kokoto hufunikwa ili visipeperuke na kuwapiga watumiaji wengine wa barabara.
* Mahindi na nafaka nyingine huota ukungu.

Hatari ya nafaka ndiyo kubwa kwa walaji. Baadhi ya aina za ukungu hutoa aflatoksini, sumu inayodhuru ini na isiyoondolewa kwa kupika. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo; chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyokauka vizuri shambani yanaweza kuvuka kiwango hicho njiani kupitia tundu dogo la turubai. Vilevile mahindi yaliyofunikwa yakiwa mabichi hutoa jasho chini ya PVC, na turubai zima haliyaokoi. Gunia lililolowa hutengwa wakati wa kupakua, halichanganywi na mengine.

## Usalama wa wafanyakazi

Dereva na utingo hupanda juu ya mzigo ambao kilele chake kinaweza kuwa mita 3 au 4 kutoka ardhini. Kuanguka wakati wa kufunika ni ajali inayojulikana katika kazi hii. Hatari huzidi turubai likilowa au upepo ukivuma, kwa kuwa turubai lililofunguka hugeuka tanga. Inashauriwa kutumia ngazi au jukwaa, kufanya kazi watu wawili, kuvuta turubai kwa kamba ukiwa chini inapowezekana, na kutotembea kinyumenyume juu ya mzigo. Mtu hapaswi kukanyaga sehemu ya turubai asiyojua kilicho chini yake.

## Sheria

Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka mzigo uzuiwe usivuje, usimwagike, usipeperuke wala kuanguka, na kwamba jumla ya uwezo wa vifaa vya kufungia isiwe chini ya nusu ya uzito wa mzigo.

Mkataba wa TIR wa mwaka 1975, unaohusu usafirishaji wa mizigo chini ya lakiri ya forodha, unaruhusu pia magari yenye maturubai. Kamba maalumu hupitishwa kwenye pete zote na ncha zake hutiwa lakiri, hivyo turubai haliwezi kufunguliwa bila kuacha alama.

## Matunzo

Turubai huoshwa kwa maji na sabuni laini, hukaushwa kabisa, kisha hukunjwa na kuwekwa mbali na jua na panya. Kulikagua ni rahisi: mtu huingia chini yake mchana na kutazama mwanga unapopenya. Tundu dogo huzibwa mapema kabla halijawa mpasuko.

Turubai lililochakaa huendelea kutumika kwa kuanikia nafaka, kuezekea vibanda na kufunikia matofali. Huko Zürich, Uswisi, ndugu Markus na Daniel Freitag walianza mwaka 1993 kutengeneza mikoba kwa maturubai makuukuu ya malori.

## Tazama pia

* Lori
* Tela
* Aflatoksini
* Polithini