Gitaa lililoimba Kimbundu

Mwaka 1947 vijana wa Luanda waliunda bendi wakaiita Ngola Ritmos. Ngola ni cheo cha wafalme wa Ndongo, ndicho Wareno walichokigeuza kuwa jina la koloni zima, Angola. Kiongozi wao alikuwa mpiga gitaa Carlos Aniceto Vieira Dias, maarufu kwa jina la Liceu.

Waliimba kwa Kimbundu, lugha ya wenyeji wa Luanda, na hilo halikuwa jambo dogo. Amri namba 77 ya mwaka 1921, iliyotolewa na Norton de Matos, mtawala wa Kireno wa koloni hilo, ilipiga marufuku kufundisha shuleni kwa lugha za Kiafrika, isipokuwa katika mafundisho ya dini. Mwafrika aliyetaka haki za raia alitakiwa athibitishe kuwa anasema Kireno na anaishi kama Mreno. Hadi sensa ya 1950, waliokubaliwa hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Ndiyo maana wazazi wengi wa mjini waliwakataza watoto wao kusema Kimbundu hata nyumbani. Walitaka watoto wapate kazi.

Liceu alikwenda kinyume na mkondo huo. Alisikiliza ngoma na dikanza, yaani mwanzi mrefu uliochongwa mikato na kukwaruzwa kwa kijiti, akayahamishia mapigo ya ala hizo kwenye nyuzi za gitaa. Sikiliza Muxima, wimbo wao uliovuma kuliko zote: gitaa halikimbilii mahadhi ya Lisbon, linatembea polepole na mkwaruzo wa dikanza. Kwangu mimi, muziki wa kisasa wa Angola unaanzia hapo.

Baadhi ya wanabendi walikuwa pia katika harakati za siri za ukombozi. Mwaka 1959 polisi wa siri, PIDE, walimkamata Liceu pamoja na mwenzake Amadeu Amorim, na baadaye wawili hao wakapelekwa gereza la Tarrafal, Cape Verde. Liceu alikaa kifungoni takriban miaka kumi.

Uhuru ulipokuja, Novemba 11, 1975, Kireno kilibaki lugha rasmi. Sensa ya 2014 ilionyesha kuwa asilimia 71 ya wananchi walikitumia nyumbani. Kimbundu kilikuwa kama asilimia 8 tu. Inauma kwamba baada ya uhuru lugha hiyo ilizidi kurudi nyuma katika mji uleule wa Liceu. Katika nyimbo, hata hivyo, haikunyamaza. Duo Ouro Negro waliirekodi Muxima enzi za ukoloni, na Waldemar Bastos akairekodi tena miaka mingi baada ya uhuru.