Lugha ya Waya Mbili

Simu yako ya Android huenda inaongea lugha ya mashua na hujui. Pakua programu inayoonyesha data ghafi ya GPS, toka nje uone anga, na utaona mistari ikishuka kwenye skrini, kila mmoja ukianza na alama ya dola: $GPGGA, $GNRMC na ndugu zake. Mtindo huo wa sentensi haukubuniwa na kampuni yoyote ya simu. Ulitungwa mwaka 1983, ili vifaa vilivyo ndani ya chombo kimoja baharini viache kununiana.

Zamani shida hiyo haikuwepo. Nahodha wa jahazi alikuwa na dira, bildi ya kupimia kina, na kichwa chake. Vyombo vyake havikuhitaji kuongea, kwa sababu aliyeunganisha habari zote alikuwa yeye mwenyewe. Halafu, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, elektroniki zikaanza kuingia kwenye boti ndogo za Marekani, Ulaya na Japani. Kikaja kipimakina cha mawimbi ya sauti, ikaja rada. Ikaja pia Loran-C, mtambo uliojua mahali ulipo kwa kupima tofauti ya muda kati ya mawimbi ya redio yanayotoka minara ya nchi kavu. Kila kampuni ilikuja na nyaya zake na lugha yake. Loran ilijua boti iko wapi. Usukani wa kujiendesha ulijua kugeuza boti. Lakini ukinunua kimoja kwa kampuni hii na kingine kwa ile, viwili hivyo vilikaa kama majirani wa ploti moja wasiosalimiana.

Waliochoka kwanza ni wauzaji, maana wao ndio waliosikia malalamiko ya wateja. Mwaka 1957, kwenye maonyesho ya boti ya New York, baadhi yao waliunda chama kiitwacho National Marine Electronics Association, kwa kifupi NMEA. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama kilitoa viwango viwili vidogo, 0180 na 0182, ambavyo kazi yake ilikuwa hasa kuiwezesha Loran kuongea na usukani. Kisha mwaka 1983 kikaja 0183, na hapo ndipo mambo yakabadilika.

Uzuri wa 0183 ni kwamba binadamu anaweza kuisoma. Chukua sentensi hii: $SDDPT,3.6,0.5. SD ndiye msemaji, yaani kipimakina. DPT ni mada, yaani kina. Kuna mita 3.6 kutoka kwenye kihisi hadi chini, na kihisi chenyewe kiko nusu mita chini ya uso wa maji. Jumla, mita 4.1. Imeisha. Fundi mwenye kompyuta kuukuu angeweza kuchomeka waya na kusoma kila neno, bila kumwomba mtu ruhusa. GPS ilipochukua nafasi ya Loran, ilikuta lugha iko tayari ikaingia tu. Na chipu za GPS ziliposhuka bei na kutoka baharini kuja kwenye magari na simu, zilikuja na lahaja hiyo hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi anayenunua kibao cha GPS pale Luthuli Avenue kwa ajili ya mradi wake anakutana na alama ya dola ya mabaharia.

Lakini lugha hiyo ilikuwa na mipaka. Mwendo wake ni biti 4800 kwa sekunde, herufi kama 480 hivi. Tena kwenye waya mmoja msemaji ni mmoja, wengine wote wasikilizaji, kama matangazo ya msikitini. Ukitaka wasemaji watano, andaa nyaya za watano. Isitoshe, rangi za nyaya hazikuwa sawa kati ya kampuni na kampuni. Nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule.

Unaweza kuona hayo ni mambo madogo ya mafundi. Sivyo. Redio za kisasa za VHF zina kitufe chekundu cha dharura. Ukikibonyeza, redio inatuma wito wa kuokolewa pamoja na mahali ulipo, lakini tu ikiwa kuna mtu aliyeiunganisha na GPS. Mara nyingi kazi hiyo ni ya waya mbili tu. Mwaka 2010 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo: takriban asilimia 90 ya wito wa aina hiyo waliopokea haukuwa na mahali. Vifaa vilikuwepo. Havikuunganishwa.

Dawa iliyoletwa na chama inaitwa NMEA 2000. Imejengwa juu ya CAN, mfumo ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuonyesha Detroit mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Hapa kebo moja inapita boti nzima, kila kifaa kinachomekwa kwake, wote wanaongea na wote wanasikia, kwa biti 250,000 kwa sekunde. Mambo safi. Ila maneno yamegeuka nambari. Kina cha maji sasa ni ujumbe 128267, na kamusi ya nambari hizo inauzwa, kwa bei isiyo ya mfuko wa mvuvi. Kampuni nyingine nazo zikaweka plagi zao juu ya mfumo ule ule: Raymarine na SeaTalkng, Simrad na SimNet.

Sisi tunaijua hadithi hii. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, si Kimvita cha hapo hapo Mombasa. Usanifu unasaidia watu kuelewana, sikatai. Lakini daima uliza nani anashika kamusi.

Baadhi ya mabaharia waliuliza. Wakakaa kwenye boti zao wakirekodi nambari zinazopita kwenye kebo, wakizilinganisha na kinachoonekana kwenye skrini, hadi wakaunda kamusi yao ya bure, mradi wa canboat. Wengine wakaanzisha Signal K, programu huria inayopokea lugha zote mbili, ya zamani na mpya, na kuzitafsiri kwa maneno yanayosomeka, hata kwenye kikompyuta kidogo kama Raspberry Pi.

Na 0183 bado haijazikwa. Iko nyuma ya redio nyingi hadi leo, waya mbili zikingoja mtu wa kuziunganisha. Ni ya polepole na imezeeka, lakini mwenye boti hahitaji kununua kamusi ili ajue kama kitufe chekundu kitasema yuko wapi.