Nani Aliyeandika Jina Juu ya Jalada? Karagwe, Kyerwa na Folda za Akili Mnemba

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kyerwa, aliingia ofisini na kompyuta mpakato kwapani. "Shikamoo Dokta," alisema, "naomba uone jambo hili." Yeye na mwenzake wanatengeneza mchezo wa kompyuta unaompeleka mchezaji katika ikulu ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, karne ya 19. Wanatumia Godot, injini ya michezo isiyolipiwa. Alikuwa amemwagiza wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo na kulitekeleza yenyewe ndani ya kompyuta, awaandalie folda za mradi. Folda zikajipanga kwa sekunde chache: michoro, sauti, mandhari, wahusika. Ndani ya folda ya sauti palikuwa na folda ndogo ya lugha, nayo iliitwa "Haya".

"Dokta, mimi ni Mnyambo," alisema. "Niliandika Karagwe. Huyu ameutoa wapi Uhaya?"

Swali hilo lina sura ya kompyuta, lakini kiini chake ni historia. Wakala hana chuki wala upendeleo wa kabila. Zana anayoitumia ni ndogo: hupewa mahali na jina, kisha huunda folda. Godot nayo haimlazimishi mtu kufuata mpangilio fulani. Jina hutokana na mazoea ya maandishi ambayo wakala alifunzwa nayo. Basi tuulize: mazoea ya kuiweka Karagwe chini ya jina la jirani yake yalianzia wapi?

Hayakuanzia Karagwe yenyewe. John Hanning Speke na James Grant walipofika Novemba 1861, walipokewa na mfalme wa ukoo wa Wahinda, mwenye dola iliyojulikana kwa jina lake. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 aliandika juu ya nyumba ya hazina ya Rumanyika, yenye sanamu za wanyama zilizotengenezwa kwa shaba, na akaenda kuzitazama chemchemi za maji moto za Mtagata. Wageni hawa walikuwa na macho ya wakati wao. Speke, kwa mfano, alimpima kwa utepe shemeji wa mfalme kwa sababu ya unene wake, na ukurasa huo umenukuliwa kuliko kurasa alizoandika juu ya utawala. Hata hivyo, waliijua Karagwe kuwa ni Karagwe.

Jina hilo lilishushwa daraja baadaye, mezani. Chini ya Waingereza, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kuanzisha utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, Karagwe ilihesabiwa miongoni mwa machifu wa Wilaya ya Bukoba. Kila wilaya ya Tanganyika ilikuwa na Kitabu cha Wilaya. Afisa mgeni alikuta vichwa vya habari vimekwisha kupangwa: historia na masimulizi ya kabila, sheria, desturi. Kazi yake ilikuwa kujaza. Bukoba ilifahamika kuwa nchi ya Wahaya, hivyo kilichowekwa ndani ya Bukoba kikawa rahisi kusomwa kuwa ni cha Wahaya. Hapakuhitajika mtu mwovu. Ilitosha kuwapo na jalada moja na afisa mwenye haraka.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera mwaka 1979. Majalada hubadilishwa jina haraka kuliko mazoea ya wanaoyafungua. Ndiyo maana nawaheshimu wasomi waliokaa chini kuurekebisha mpangilio huo. Israel Katoke alichapisha historia ya ufalme wa Karagwe na watu wake, Wanyambo, mwaka 1975. Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha sarufi ya Kinyambo mwaka 2005. Vitabu hivyo vipo, lakini ni vichache mbele ya wingi wa kurasa zinazosema vingine, na mashine hujifunza kutokana na wingi.

Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Kiutawala lilikuwa jambo jema: wilaya ilikuwa kubwa, na mwananchi wa Murongo alihitaji ofisi iliyo karibu naye. Lakini tazama kinachotokea ukimwagiza wakala apange historia kwa wilaya za leo. Bweranyange itaingia folda ya Karagwe, Mtagata itaingia folda ya Kyerwa, na ufalme uliokuwa na vyote viwili utakosa pa kukaa.

Sisemi zana hizi zikataliwe. Mtumishi yeyote aliyewahi kufanya kazi masjala anajua kwamba pasipo mpangilio hakuna haki: mzee anayedai fidia ya shamba hupata au hukosa kwa kutegemea kama karatasi yake imeonekana. Ninachosema ni kwamba agizo la "panga" hubeba uamuzi ndani yake, na uamuzi huo usiachiwe mazoea ya wengine. Mwanafunzi aandike majina kwanza, ndipo amwite wakala. Ofisi zetu zinazohamisha majalada ya karatasi kwenda kwenye mifumo ya kidijitali ziwaite wazee na watafiti kabla majina hayajafungwa, kwa kuwa kubadili jina la folda tupu ni kazi ya dakika moja, na kubadili jina ambalo nyaraka elfu moja zimelitegemea ni kazi ya miaka.

Kijana wangu alifuta "Haya", akaandika "Kinyambo", akautuma mradi kwa mwenzake kwa njia ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya kazi. Kesho yake alirudi amenuna. Mwenzake alikuwa ameufungua mradi na folda ya Kinyambo haikuwamo. Tukatafuta sababu, tukaipata: Git haitunzi folda tupu. Inatunza mafaili, na folda huonekana tu pale inapokuwa na kitu ndani.

Nilimwuliza bibi yake bado yuko hai. Yuko, Kyerwa, na anasimulia vizuri. Likizo hii kijana anakwenda kumrekodi kwa simu, kwa idhini yake. Kulirudisha jina kwenye jalada ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imekaa barazani kwa bibi, na haitatusubiri.