Virusi Vilivyopanda Basi Makambako



Ukitamka neno "virusi" mjini Njombe, anayekusikiliza hafikirii kompyuta kwanza. Ana sababu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulikuta kwamba asilimia 14.8 ya watu wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Ule wa 2022/23 bado uliuweka wa kwanza, kwa asilimia 12.7. Kwa hiyo kompyuta za nyumbani zilipoanza kupanda milima hii, watu hawakuhitaji kamusi. Kuambukizwa, kujikinga, kupima, kubeba bila kujua: maneno yote yalikuwepo tayari. Pamoja na maneno ikaja ile tabia yetu mbaya ya kumlaumu aliyeambukizwa kabla ya kuuliza ni barabara gani inapita mlangoni kwake.

Leo nataka tuitazame historia ya virusi vya kompyuta tukiwa tumesimama hapa, Njombe na Makambako, badala ya California. Maana ukiitazama kutoka hapa inabadilika. Vitabu vingi vinakuambia virusi vilienea kwa intaneti. Huku kwetu vilipanda basi.

Lakini tuanze mbali kidogo. Kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya PC kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986. Kiliitwa Brain. Walikiandika ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa na programu yao ya mambo ya tiba na wakachoka kuona watu wanainakili bure. Wakaweka ndani ya kirusi majina yao, anwani yao na namba za simu! Kilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono, mpaka Ulaya na Marekani.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Kwa nje zilidai kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Ukishaiweka kwenye kompyuta, programu ilikuwa inahesabu kimyakimya. Baada ya kuwasha mashine mara 90 hivi, inaficha folda zako, inavuruga majina ya mafaili, kisha inakutaka utume dola 189 kwa sanduku la posta la Panama. Aliyekamatwa ni Mmarekani Joseph Popp, mtaalamu wa biolojia aliyewahi kufanya kazi Kenya. Mahakama ya Uingereza haikumhukumu kwa sababu ya hali yake ya akili. Wizi huu wa kuteka mafaili na kudai fidia, ambao siku hizi unafunga hospitali za Ulaya, ulianza kwa disketi, kwa jina la UKIMWI, na kwa mtu aliyeijua Nairobi. Ajabu ya Mungu.

Na sisi Tanzania wakati huo? Sisi tulikuwa na kinga bora kuliko zote duniani: hatukuwa na kompyuta. Ya kwanza ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa hesabu za serikali kwa kompyuta ukaenda kombo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku ile ikaja kulegea taratibu, na miaka ya 1990 uchumi ulipofunguliwa mashine zikaanza kuingia, kwanza maofisini Dar es Salaam, kisha mikoani. Kwa hiyo wakati wenzetu wanajifunza kwa machungu ya disketi, sisi hatukuwepo darasani. Tuliingia moja kwa moja kwenye zama za flashi.

Sasa twende Makambako.

Kwa asiyepajua: Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo. Hapo hapo inachepuka ile ya kushuka Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni hapo. Njombe iko kilomita 60 hivi mbele, na mpaka mwaka 2012 ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Iringa. Mahindi, viazi, mbao, chai, vyote hupita kwenye njia panda ile, na kila kinachotoka Dar kinapita hapo kupanda Njombe. Unadhani flashi zilipita wapi?

Kompyuta ya nyumbani katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa mara nyingi mtumba wa Ulaya, kioo chake kizito kama gunia la viazi, na ndani yake Windows XP iliyopigwa na fundi kwa CD ya kunakili. Intaneti nyumbani hakuna. Afrika Mashariki nzima ilikuwa inategemea setilaiti, bei yake ya kutisha, mpaka mkonga wa SEACOM ulipozinduliwa Julai 2009. Kwa hiyo kazi zote zilitembea kwa flashi. Mwalimu anatunga mtihani nyumbani, anachapisha steshenari. Mwanafunzi wa chuo anarudi likizo na utafiti wake mfukoni. Mwanakwaya anataka nyimbo zake zihamishwe. Katibu wa SACCOS ana mahesabu ya wanachama. Wote wanachomeka kwenye kompyuta moja ya steshenari, ile iliyo karibu na stendi. Siku moja, flashi hamsini. Jioni zinatawanyika Njombe, Ludewa, Songea, Mbeya.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Tangu Windows 95, Microsoft walikuwa wameweka utaratibu wa kurahisisha mambo: ukiweka CD, kompyuta inatafuta faili dogo liitwalo autorun.inf, inasoma ndani kuna amri gani, kisha inaitekeleza. Ulikusudiwa CD za programu na michezo. Flashi zilipokuja, waandishi wa virusi wakaona mlango uko wazi. Kirusi kinajinakili kwenye flashi, kinaandika autorun.inf yake, basi. Ukichomeka kwenye kompyuta nyingine na kubofya flashi yako mara mbili kama kawaida, umekikaribisha mwenyewe.

Na kulikuwa na hila nyingine ambayo naiona ya kikatili zaidi. Kirusi kinaificha folda yako halisi, halafu kinaweka faili la programu lenye jina lile lile na picha ile ile ya folda ya njano. Kwa kuwa Windows huficha zile herufi za mwisho wa jina, huwezi kuona kwamba "Mtihani Form IV" si folda tena, ni ".exe". Unabofya kwa imani. Kuna siku watu walitokwa na machozi wakiamini utafiti wa miaka miwili umefutika. Haukufutika, ulifichwa tu. Amri moja fupi kwenye dirisha jeusi, attrib, iliweza kuurudisha. Fundi aliyeijua amri ile alionekana kama mganga, na wapo waliotoza kama waganga.

Mwaka 2008 ndio ulikuwa kilele. Tarehe 23 Oktoba Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa kwenye Windows. Novemba kikaibuka kirusi kilichoitwa Conficker, kikitumia tundu lile lile, na toleo lake lililofuata likajifunza kupanda flashi pia. Kiliingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, zikiwemo za jeshi la majini la Ufaransa. Kilikuwa na ujanja wa kumzuia mwenye mashine asifungue tovuti za kampuni za antivirasi. Microsoft walitangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwapata waliokiandika.

Ona tarehe hizo vizuri. Dawa ilitoka kabla ya ugonjwa. Kwa nini basi watu waliugua?

Jibu tulilopewa kwenye semina na magazeti lilikuwa uzembe. "Watumiaji hawaapdeti kompyuta zao." Jamani! Ushauri wa kujikinga ulikuwa mtamu sana: weka antivirasi halali, iapdeti kila siku, washa apdeti za Windows. Kila neno la ushauri huo lilidhani una intaneti nyumbani na Windows uliyoinunua dukani. Mtu wa Makambako hakuwa na vyote viwili. Mafaili ya kuapdeti antivirasi yalikuwa makubwa kwa intaneti kafe za wakati ule, na ukishafanikiwa kuyashusha unayabeba kwa nini? Kwa flashi, ile ile inayobeba ugonjwa.

Na Windows ya kunakili nayo ilikuwa na mtego wake. Kuanzia mwaka 2006 Microsoft walianza kutuma kupitia apdeti kijiprogramu cha kukagua uhalali wa Windows. Ikigundulika ni ya kunakili, unaandikiwa kwenye kioo kwamba wewe ni mhanga wa bidhaa bandia. Mafundi wakafanya jambo la maana kwao: wakazima apdeti zote kabla ya kumkabidhi mteja mashine. Kwa hiyo hata aliyepata intaneti hakupata viraka. Mwaka 2009 Microsoft wakatoa antivirasi yao ya bure, Security Essentials, nayo ikawa inadai kwanza Windows iwe halali. Sitetei wizi wa programu. Nasema tu kwamba kampuni ilitaka kumbana mnakili, na kirusi ndicho kilichofaidika. Wale ndugu wa Lahore nao walianzia hapo hapo.

Watu wetu hawakukaa wakisubiri. Walijifunza kubonyeza Shift wakati wa kuchomeka flashi ili amri ya kujiendesha isifanye kazi. Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii: fundi anatengeneza ndani ya flashi yako folda tupu na kuiita autorun.inf. Windows haikubali faili na folda kuwa na jina moja mahali pamoja, kwa hiyo kirusi kikija kuandika faili lake kinakuta kiti kimekaliwa. Vingine vilikuja kujifunza kuifuta folda hiyo, lakini kwa muda ilikuwa kinga ya bei ya sifuri. Halafu ikaja Smadav kutoka Indonesia. Huko nako kulikuwa na flashi nyingi na intaneti haba, na kirusi maarufu cha Brontok kilitokea huko mwaka 2005. Smadav ilikuwa nyepesi, ikakaa pembeni ya antivirasi nyingine, kazi yake hasa kukagua flashi na kurudisha yaliyofichwa. Waindonesia walitujua kuliko watu wa Seattle.

Mlango wenyewe ulifungwa lini? Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 haikuruhusu tena flashi kujiendesha hivyo. Februari 2011 Microsoft wakapeleka badiliko hilo kwenye XP na Vista. Ndani ya miezi michache, kwa hesabu zao wenyewe, maambukizi ya aina ile kwenye XP yalishuka kwa zaidi ya nusu. Badiliko moja! Watumiaji hawakuwa wamepata akili ghafla mwezi ule. Mwenye nyumba alikuwa ameweka kitasa, miaka kumi na sita baada ya kujenga.

Kwetu kitasa hicho kilifika polepole, pamoja na mashine mpya na vifurushi vya simu, si pamoja na apdeti zilizozimwa.

Sasa neno kuhusu programu za ujasusi, ambazo ni ndugu wa virusi lakini wana tabia tofauti. Kirusi hupenda kuonekana au kuenea. Jasusi hukaa kimya anakusoma. Afrika Mashariki ilipata mfano mkubwa mwaka 2015, pale shirika la Privacy International lilipochapisha nyaraka kuhusu operesheni ya vyombo vya usalama vya Uganda baada ya maandamano ya mwaka 2011. Programu ilikuwa FinFisher, ya kampuni ya Gamma. Nyaraka zilitaja hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka kama sehemu za kuwanasa walengwa. Serikali ya Uganda ilikanusha. Jina la operesheni lilikuwa la Kiswahili safi: Fungua Macho.

Utasema hayo ni mambo ya wanasiasa, huku Njombe nani anatujali. Subiri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinaendeshwa bila leseni. Malalamiko ya wananchi juu ya mikopo ya aina hii yalikuwa ya namna moja: unapoiweka programu kwenye simu, inaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote ulizohifadhi. Unakubali kwa sababu una shida ya shilingi elfu thelathini leo jioni. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha unakwenda kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi wako.

Hakuna antivirasi iliyopiga kelele hapo. Ruhusa uliitoa mwenyewe, kwa kidole, kama ulivyobofya ile folda ya njano. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Lakini mama mkwe hakuwahi kukopa. Hakuwahi hata kuiona programu hiyo. Namba yake ilichukuliwa kutoka kwenye simu ya mtu mwingine, kama vile mtihani wa mwalimu wa Ludewa ulivyoharibiwa na flashi ya mtu aliyeteremka basi la Mbeya asubuhi ile, wakapishana mlangoni mwa steshenari bila kusalimiana.