Risasi ya mazoezi na risasi ya kubeba

Wadau, leo tuongee risasi. Si zile za kwenye sinema, ambazo bastola moja inafyatua mara arobaini bila kupakiwa. Naongelea risasi zinazonunuliwa kwa pesa na kuhesabiwa moja moja.

Tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, magaidi waliingia Westgate, Nairobi. Picha zilizozunguka dunia kutoka humo ndani ziliwaonyesha watu wasiovaa sare, wameshika bastola. Wengine walikuwa askari kanzu, na wengine walikuwa raia wa kawaida wenye leseni, walioingia wakati wenzao wanatoka mbio. Abdul Haji alijulikana kwa picha moja tu, ile ya mtoto mdogo anayemkimbilia. Wenzangu wa magazetini waliandika kuhusu ushujaa, na walikuwa na haki. Swali langu lilikuwa la kibahili zaidi: watu kama hawa wanajifunzia na nini? Bastola unainunua mara moja, basi. Risasi inaliwa. Ukienda uwanja wa shabaha na kasha la risasi 50, baada ya nusu saa una maganda matupu na harufu ya baruti.

Huku kwetu swali hilo halisikiki sana kwa sababu raia wenye silaha ni wachache, na sheria inabana. Kenya, kwa mfano, cheti cha silaha kinataja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka. Viwanda tunavyo, Eldoret kwa Wakenya na Mzinga pale Morogoro kwa Watanzania, ila hivyo vilijengwa kwa ajili ya majeshi. Historia ya mtu anayesimama dukani na kujiuliza "nichukue za bei rahisi au za bei mbaya?" imeandikwa Marekani, ambako risasi zinauzwa kama sisi tunavyouziana vocha. Na ni historia yenye makaburi ndani yake, ndiyo maana nimeona niiandike.

Kwanza tuelewane. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka mtutuni na kwa madini yenyewe mazito ya kijivu, na kwa miaka mingi vitu hivyo viwili havikuwa na tofauti. Risasi nzima ya kisasa ina sehemu nne: ganda, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa. Za mazoezi siku hizi huwa na kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba, rahisi kutengeneza. Zile ambazo Wamarekani wanazibeba kwa kujilinda zina kishimo nchani. Kikiingia mwilini, kichwa kinatanuka kama uyoga, kinasimama mapema, hakitokezi upande wa pili kumpata mama anayesubiri basi. Za mazoezi zinauzwa kasha la 50. Zenye kishimo mara nyingi zinakuja 20 au 25, na ukipiga hesabu ya moja moja, bei inaweza kuwa mara tatu au nne.

Msomaji wa historia atauliza: hizo zinazotanuka si zilipigwa marufuku? Ndiyo, vitani. Mwaka 1896 Waingereza walitengeneza risasi ya namna hiyo ya bunduki katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta, na Azimio la The Hague la 1899 likazikataza katika vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Marekani haikutia saini. Na azimio lile halikuwagusa polisi wala raia wa nchi yoyote ndani ya mipaka yake. Ndiyo maana hadi leo mwanajeshi anaweza kukatazwa risasi ambayo askari polisi wa mtaani kwake anaibeba kila siku. Ajabu kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa turudi kwenye bei.

Jeshi la Marekani lilianza kubeba bastola ya Colt ya .45 mwaka 1911. Risasi yake ni kubwa, kichwa peke yake kina karibu gramu 15, na teke lake si la mchezo. Kujifunza nayo ni gharama. Ilipofika ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, Colt walitoa bastola waliyoiita Ace (1931), sura ileile, uzito unaokaribiana, lakini inakula risasi ndogo za .22, zile za kuwindia sungura, ambazo zilikuwa na bei ya kutupa. Wazo safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba haikupiga teke. Mkono ulikuwa unajifunza bastola nyingine.

Aliyelitibu hilo alikuwa David Marshall Williams wa North Carolina, fundi aliyefungwa kwa kifo cha naibu sherifu mwaka 1921 na kuchorea bunduki zake gerezani. Alibuni chemba inayoteleza, ambayo gesi ya risasi ndogo inaisukuma kwa nguvu nyuma hadi mkono unahisi kama umefyatua .45. Colt wakaitumia mwaka 1937. Naipenda sana hadithi hii. Mfungwa wa zamani alielewa jambo ambalo wakuu wengi wa polisi walikuja kulielewa miaka thelathini na kitu baadaye: unafuu ukiubadilisha mshtuko anaoupata mkono, umenunua mazoezi ya kitu kingine.

Polisi wa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 walibeba rivolva za .38 Special. Kwa mazoezi walikuwa na risasi ya pekee, kichwa cha madini matupu ya risasi, bapa mbele kama kizibo, na baruti kidogo. Ikipiga karatasi inakata tundu la duara safi, na mwalimu anahesabu pointi bila kubishana. Ilikuwa rahisi, na idara nyingi ziliifanya iwe rahisi zaidi kwa kuokota maganda na kuyapakia upya. Ganda la shaba ndilo sehemu ghali ya risasi, na linatumika tena na tena. Kwa hiyo askari walifundishwa uwanjani wasiyatupe ovyo.

Kisha baadhi yao wakaanza kubeba .357 Magnum. Rivolva ya .357 inakubali pia risasi za .38, ila si kinyume chake. Unaona mtego ulipo? Unafanya mazoezi na .38 laini na ya bei nafuu, halafu unaingia barabarani na Magnum. Karatasi inasema wewe ni mlengaji hodari.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Aprili 1970, karibu na Newhall, California, askari wawili wa doria ya barabara kuu waliisimamisha gari kwenye maegesho ya mkahawa. Ndani yake walikuwamo wahalifu wawili wenye silaha nyingi. Wengine wawili wakaja kusaidia. Ndani ya dakika chache wote wanne walikuwa wameuawa: Walter Frago, Roger Gore, James Pence na George Alleyn. Vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye watoto wadogo nyumbani, hakuna aliyekuwa amefikisha miaka miwili kazini. Raia mmoja aliyekuwa akipita alisimamisha gari lake, akaokota silaha ya askari aliyeanguka na kujaribu kuwasaidia. (Hapo nilimkumbuka tena yule wa Westgate.) Pence alimaliza risasi zake sita, akawa anapakia nyingine moja moja, na muuaji akamfikia.

Idara ile iliwaruhusu askari kubeba Magnum lakini iliwafundisha kwa .38. Baada ya Newhall mambo mengi yalibadilika, kuanzia namna ya kusogelea gari hadi vifaa vya kupakia rivolva risasi sita kwa mkupuo. Badiliko linalonihusu hapa ni hili: risasi ya mazoezi na ya kazini ikawa moja, .38 kwa wote. Kwa miongo kadhaa imesimuliwa kwamba Pence alikutwa na maganda matupu mfukoni, eti mazoea ya kubana matumizi yalimfuata hadi kifoni. Waliorudia ushahidi wa tukio wanasema si kweli. Lakini hadithi hiyo iliaminiwa kwa sababu kila askari aliyeisikia aliwahi kutia maganda mfukoni akiwa uwanjani.

Miaka kumi na sita baadaye pendulo lilikwenda upande mwingine. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki huko Miami. Maofisa wawili, Jerry Dove na Ben Grogan, waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mapema katika pambano, risasi ya mm 9 yenye kishimo kutoka kwa Dove ilipita kwenye mkono wa Michael Platt, ikaingia kifuani na kusimama kama inchi moja kabla ya moyo. Platt aliendelea kuua. FBI wakaielekezea kidole risasi ile. Binafsi naona ilikuwa rahisi kuilaumu risasi kuliko kuulaumu mpango wa kuwasimamisha watu wale wenye bunduki wakati wao wamebeba bastola kwa wingi. Hata hivyo lawama ile ilizaa kitu cha maana, vipimo. Tangu hapo risasi za kujilinda zinapigwa kwenye jelatini iliyofunikwa nguo, mbao au kioo cha gari, na inayotakiwa ni ile inayozama inchi 12 hadi 18, yaani kati ya sentimita 30 na 46 hivi. Kabla ya hapo mnunuzi alitegemea tangazo la kwenye jarida.

FBI walihamia mm 10, wakaiona ina teke kupita kiasi, na mwaka 1990 ikaja .40, ambayo idara nyingi zikaikimbilia. Ilikuwa na nguvu, ndiyo. Ilikuwa pia ghali zaidi kwa mazoezi na kali zaidi mkononi. Wakati huohuo viwanda, kwa kuandamwa na vile vipimo vya jelatini, viliendelea kuiboresha ile mm 9 ya kizamani, iliyobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Polisi wa New York, waliopewa bastola za mm 9 mwaka 1993 pamoja na risasi zilizovikwa shaba yote, mwaka 1998 walitangaza kuhamia zenye kishimo, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa zinapita mwilini na kuwapata wasiohusika. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI chenyewe kikaandika kwamba watu wengi wanapiga haraka na kwa usahihi zaidi kwa mm 9, na kwamba tofauti ya madhara na risasi kubwa zaidi haionekani. Wakarudi walikotoka.

Nadhani hapo ndipo swali la bei lilipopata jibu lake. Mm 9 ni risasi ya NATO, inatengenezwa kwa mabilioni, kwa hiyo ya mazoezi ni nafuu. Na ukichagua ya mazoezi yenye uzito wa kichwa na kasi inayolingana na ile yenye kishimo, mkono hauoni tofauti kubwa. Ndiyo desturi ya wengi huko sasa: mamia ya risasi za bei rahisi kwa mwaka, kisha kasha moja au mawili ya zile ghali kuhakikisha bastola yako haikwami nazo. Hilo la kukwama si la kupuuza. Bastola nyingi za zamani zilichongwa kwa vichwa vya mviringo, na kile kishimo kilikuwa kinagonga mlangoni na kukataa kuingia.

Kuhusu ganda, baada ya Vita Baridi Warusi waliliteka soko la bei ya chini kwa maganda ya chuma badala ya shaba. Wapenzi wa kupakia upya waliyadharau, maana hayapakiki kirahisi. Viwanja vingine vya shabaha viliyakataa. Wengine wakasema dola ni dola na wakanunua kwa makreti. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilisimamisha vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na vilivyobaki vikaanza kuisha.

Hiyo ilikuja juu ya ukame ambao tayari ulikuwepo. Ukame wa risasi Marekani una tarehe zake: baada ya uchaguzi wa Obama mwaka 2008, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook Desemba 2012, na wakati wa korona mwaka 2020. Mara ya 2012 hata .22, ile ya sungura, ilitoweka kwenye rafu kwa miezi mingi. Mara ya 2020 kasha la mm 9 lilipanda bei maradufu na zaidi, likipatikana. Mamilioni walinunua bastola yao ya kwanza mwaka ule, wakati ambapo risasi ya kujifunzia ilikuwa haishikiki. Wengi walibaki na bastola, kasha moja la zile zenye kishimo, na mazoezi ya kufyatua chumbani bila risasi.